Namjazia Mume Wangu Kadi ya Mazoezi Asiyoyafanya

Mshauri mpendwa, salamu nyingi, na naomba unisome mpaka mwisho ndipo uninyooshee kidole, maana nikikwambia nimekuwa nikiidanganya hospitali utadhani nimeiba dawa, kumbe nimejaza kadi tu, lakini kadi yenyewe sasa inataka kumlemaza mume wangu.

Mimi ni karani wa masjala, mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, tumeoana miaka kumi na mmoja na ukizikusanya siku alizolala nyumbani sidhani zinatimia miaka miwili, ndivyo tulivyozoea, anakuja, analala, anafuliwa, anaondoka. Miezi miwili iliyopita alipasuliwa mgongo, diski moja ilikuwa imebonyea inabana mshipa wa fahamu hadi mguu wa kushoto ukawa unamfia ganzi kwenye klachi. Upasuaji ukaenda salama, tukashukuru, tukapewa mtaalamu wa mazoezi, binti mmoja mkali mwenye raba nyeupe, akamfundisha kuamka kwa kujiviringisha ubavu, kubana tumbo, kuinua kiuno akiwa amelala chali, kutembea dakika kumi na kila wiki kuongeza tano, kisha akatupa kadi yenye vyumba vidogo vidogo, kila zoezi likifanyika unatia tiki. Kliniki iko mbali, kwa hiyo tunaonana naye mara moja kwa mwezi, na kila Jumamosi mimi natuma picha ya kadi kwa simu naye anatuma mazoezi ya wiki inayofuata.

Wiki mbili za mwanzo alifanya yote. Wiki ya tatu akasema anaumia, nikamwambia pumzika baba, kesho nayo ni siku, jioni nikaitazama kadi nikaona chumba kitupu, na mimi tangu nianze kazi chumba kitupu kwenye fomu kinaniwasha, nikatia tiki. Kesho yake nikatia tena. Mshauri, fomu ya kweli naijua sura yake, nikawa nabadilisha kalamu, leo nyeusi kesho bluu, na Jumapili moja nikaiacha wazi makusudi ili kadi isipendeze kupita kiasi. Binti akajibu, "Hongera sana!" na kutuma mazoezi magumu zaidi.

Ukweli wote ni kwamba sikuwa namhurumia tu, nilikuwa na raha. Nikirudi kazini namkuta, ananiuliza leo nani kanichefua ofisini, wenzangu wote sasa anawajua kwa tabia zao, ananicheka ninavyomenya vitunguu nikiwa nimefumba jicho moja, jambo ambalo miaka yote hiyo hakuwahi kuliona. Namvalisha soksi, namletea chai kitandani, rimoti namwekea mkononi. Wifi yangu alikuja akakaa saa moja tu, akaniuliza, "Wifi, unamuuguza kaka yangu au unamfuga?" Nilimnunia siku mbili.

Wiki iliyopita tukaenda kliniki. Binti akaisifu kadi, kisha akatoa futi kama ya fundi cherehani akapima mapaja, la kushoto limepungua sentimita tatu. Akamwambia asimame kwa visigino, mguu ukakataa. Akaitazama kadi, akalitazama paja, akasema, "Kuna kitu hapa sikielewi," na kwamba mwezi ujao hali ikiwa hivi hivi atamrudisha kwa daktari, maana mguu ukizoea udhaifu fimbo inaweza kuwa ya maisha. Mume wangu alitazama ukutani, mimi nikaikunja kadi nikaitia mkobani, tukarudi nyumbani, akalala.

Nikisema, nitaaibika na mume wangu ataniona mbaya wake. Nikinyamaza, mguu unakwenda. Na kuna hili ambalo sijamwambia mtu: akipona, ataondoka.

Karani wa Masjala

JIBU

Karani, nimekusoma mpaka mwisho, sasa kidole nakinyoosha.

Lililo la haraka kwanza. Binti huyo amekuwa akiongeza ugumu wa mazoezi kwa kuamini tiki zako. Mume wako ana karatasi ya mgongo wa wiki ya nane, na mgongo wenyewe uko wiki ya pili. Siku akipatwa na ari akaamka kuyafanya, ataumia, na atakayekuwa amemuumiza ni wewe na kalamu zako mbili. Kwa hiyo leo, kabla hujafika kwenye aya yangu inayofuata, mpigie binti simu. Usiseme ulisahau, usiseme mlikuwa na wageni. Sema, "Kadi ni ya uongo tangu wiki ya tatu, niliijaza mimi." Atakufokea. Mwache afoke, ana haki, kisha muulize mume wako aanzie wapi. Mimi si daktari, na kama bado kuna nafasi ya kuuokoa mguu huo ni yeye atakayejua, si mimi wala wewe. Mficha uchi hazai, dada.

Umepiga simu? Haya.

Pole. Nasema pole kwa dhati, kwa sababu umeishi na mume kama mtu anayeishi na mpangaji, na ulipompata ukaogopa kumwachia. Hilo nalielewa. Lakini kumvalisha mtu soksi ambazo angepaswa kujifunza kuzivaa mwenyewe si mapenzi, wifi yako amekupa jina lake, kufuga, na kununa hakukulibadilisha. Chai aifuate jikoni kwa miguu yake. Rimoti iweke mbali.

Kuna jambo umelipita mbio. Mume wako alitazama ukutani. Mtu aliyelala wiki sita anajua kwamba amelala, hahitaji kadi kumjulisha. Alisikia akisifiwa kwa kazi asiyoifanya, akakuacha uongo wako umbebe. Huenda anaogopa maumivu. Huenda analiogopa lori, maana ndilo lililomvunja. Huenda naye amependa kuulizana habari za ofisini na kucheka vitunguu. Mimi sijui, na wewe mwenye nyumba hujui, kwa sababu miaka kumi na mmoja hujapata kumuuliza wala kumwambia, "Sitaki urudi safari ndefu." Sentensi fupi namna hiyo ilikushinda, ukaona heri ujaze tiki mia mbili.

Basi itamkwe. Binti akisharuhusu kutembea, tembea naye kila jioni, dakika atakazopanga yeye, ubavuni kwake, usimshike mkono mpaka aombe. Mkiwa njiani mwambie yote mawili, la kadi na la safari. Anaweza kukukasirikia. Anaweza pia kukwambia kwamba lori ndiyo kazi aliyoijua tangu ujana na kwamba mgongo ukikubali atarudi barabarani. Litakuuma, na utalisikiliza.

Kwa sasa hujui kama ana nia ya kukaa na wewe, dada yangu, kwa sababu hawezi kwenda popote. Mpe kwanza miguu yake, ndipo umwombe abaki.