Minyaa Yangu Jijini

Mama Neema mke wangu,

Mwakeye. Barua ikikufikia jioni, igeuze mwenyewe iwe salamu ya jioni. Mumeo ni mtu wa bahati, Heru Juu nzima ijue. Wenzangu wamehamia jijini. Mimi jiji limenihamia. Nimelala kijijini nimeamka na kiwanja cha mjini, na lori sikukodi.

Mama kifua kimemwachia? Neema bado anaogopa bata? Mimi mzima, ila hata meno yameshika rangi ya vumbi la huku.

Ujumbe wako nimeupata, kwamba maharage yakishatoka utamwachia kaka yangu shamba, ubebe watoto mje. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu ungeisikia sauti yangu, ukanikatisha.

Kijiji chenyewe cha huku hakijabadilika sana. Mtama ni ule ule, mbuzi wale wale. Ila mwenyekiti wa kijiji sasa ni wa mtaa, na ng'ombe wake mwenyewe wamekatazwa barabara. Tena mtu wa huku anakusalimia mara moja anapita zake. Mimi bado napiga makofi ya salamu za kwetu, nabaki peke yangu kama nafukuza nzi.

Kiwanja unajua nilivyokipata. Mzee Ndahani, yule niliyemchimbia kisima, alinikatia kipande mbele ya wazee wenzake na mtungi wa pombe. Akataka twende tukaandikishane kwa mwenyekiti. Mimi, Muha na akili zangu, nikamwambia kwetu mpaka ni minyaa. Ikishashika hakuna wa kuing'oa, hata ndugu wagombane vipi. Nikaipanda pande zote. Ikashika, ukiiona utadhani uko kwa baba.

Mzee akafariki, wale wazee wakamfuata. Jiji likaja, na wapima ardhi nyuma yake: binti mmoja na vijana wa kumbebea vyuma. Majirani wakatoka na karatasi zao. Mimi nikatoka na kiti, nikakaa katikati ya minyaa yangu kama mwenye mji.

Binti akaniamkia vizuri, akauliza, "Baba, uzio huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Na kiwanja?"

Nikamwonyesha tena minyaa. Vijana wakacheka, na mimi nikacheka, unanijua. Yeye hakucheka.

"Baba, huku huu ni uzio wa mbuzi tu."

Akamgeukia mtoto wa Mzee Ndahani. Huyo akasema baba yake hakuwahi kumwambia kitu. Simlaumu, siku ya ule mtungi alikuwa malishoni. Wakaandika jina lake. Kesho yake akaning'olea minyaa, akanisaidia kubeba kitanda, na chai akaninywesha.

Nisalimie mama, na dada Ana wa ndizi za sokoni. Mama mkwe mpigie makofi kwa niaba yangu, marefu.

Shamba usimwachie mtu. Nasikia mji wa Kasulu nao unapanda kuja huko kwetu. Minyaa ya mpakani iache, lakini mchukue kaka mkaandikishane kwa mwenyekiti, hata akikucheka.

Na watoto wabaki hapo. Nalala stoo kwa fundi ninayemfyatulia matofali. Ile bahati niliyoandika juu ni uongo. Kiwanja sina.

Mumeo,
Baba Neema