Kijiti cha Dirisha la Mama

Elm Siding, Wisconsin
28 Juni 1998

Kwako dada yangu Georgene,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto huko Oregon, na zikukute hamjambo nyote. Goti lako linaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Wifi yako Lorraine anakusalimu, ingawa amenuna tangu nilipoichukua pasi yake nzuri kwa kazi ninayotaka kukueleza. Mama ana nguvu kuliko mimi. Juzi nilimkuta juu ya ngazi nikamwambia ashuke, akanijibu nishushe tumbo langu kwanza.

Dada, kaa kitako, maana habari ni ndefu. Unaikumbuka bunduki ya Babu Matej, ile aliyoinunua aliporudi kutoka vita vya Ufaransa kwa sababu ilifanana na aliyoibeba kule. Na unajua yaliyoipata: Baba akiwa kijana aliukata mti wake, ule unaobeba mtutu, kwa mbele kwa msumeno, ili iwe nyepesi ya kuwindia kulungu, na Babu akakikuta kipande sakafuni bandani. Tangu hapo Baba akawa Ludvik Msumeno, na kila Krismasi lazima mtu aulize kama meza imefichwa asije akaikata. Hata siku ya mazishi yake waliuleta utani ule ule kwenye kahawa, wewe ukatoka ukaenda kulia garini. Mimi nilibaki ndani nikitabasamu na watu huku moyo unaniuma. Siku ile niliapa kwamba bunduki ile nitairudisha ilivyokuwa, jina lile life, na Baba Mdogo Emil aishike ikiwa nzima angali hai. Moyo wake unaujua ulivyo mbovu, kwa hiyo sikuwa na muda wa kuchezea.

Nilianza majira ya baridi. Kutu niliitoa kwa mafuta na stilwaya laini, polepole, nikiuacha weusi wa uzee. Pale mti ulipobonyea niliweka kitambaa kibichi na kupitisha pasi ya moto, mvuke ukaingia, mti ukajiinua wenyewe. Msasa sikuugusa. Sisi wenye ugonjwa huu wa bunduki kuukuu za jeshi, mtu akipiga msasa mti wa zamani hatumwaliki tena nyumbani. Pale kwenye kitako pana mng'aro wa shavu la Babu, na msasa ungeuondoa kwa dakika moja.

Shida ilikuwa kile kipande cha mbele kilichopotea. Delbert Zahn, mwenzangu wa chama chetu cha bunduki kuukuu, mdomo wake ndio ule ule. Aliniambia Ray, hiyo tia jikoni, angalau utapata moto. Halafu akanishauri ninunue mti mwingine mzima kwenye maonyesho ya bunduki. Nikamwambia nikifanya hivyo nitakuwa nimetengeneza bunduki ya mtu mwingine. Basi nikajaribu vipande vya mti wa jozi kutoka huku na huku, na kila kimoja kilikataa kufanana rangi na mti wangu. Delbert akacheka hadi akakaa chini, akasema nimemvalisha mzee wa watu suruali ya jirani.

Sasa sikia. Mwezi wa Aprili nilikuwa kwa Mama, naye amefungua jikoni ipite hewa. Lile dirisha la juu ya sinki, ukilisukuma juu, bado halikai bila kuzuiwa na kile kijiti cheupe. Wewe ulikuwa unakifanya kipaza sauti, mimi nikifukuzia bata. Kikateleza, nikakidaka, na kidole gumba changu kikaingia kwenye mfereji. Dada, majira yote ya baridi kidole hicho kilikuwa kinapita kwenye mfereji kama huo, pale mtutu unapolala. Nilisimama maji yanamwagika sinkini, mpaka Mama akauliza kama nimepatwa na kiharusi.

Nilikwangua rangi kwa kucha. Ikatoka nyeupe, ikatoka kijani, zikatoka rangi zote ambazo jikoni ile imewahi kuvaa, na chini kabisa mti wa jozi, mwekundu kama ule wangu. Mama akaniambia Baba alikuja na kijiti kile walipooana, na kila alipopaka rangi dirisha alikipaka nacho. Siku moja Mama alitaka kukitia kwenye jiko la kuni. Baba, ambaye hata ng'ombe hakuwapandishia sauti, alikichukua mkononi mwake akamwambia achome kingine chochote ndani ya nyumba. Mimi na Mama tukakubaliana kwamba ni aibu ndiyo iliyomfanya akitunze.

Kuunga kulinitoa jasho. Msumeno hula kidogo unapopita, kwa hiyo ilibidi niweke katikati kibanzi chembamba kama karata. Delbert alikuja, akatazama, kisha akatoa mfukoni zile pete za chuma za kufungia mti kwenye mtutu ambazo alikataa kuniuzia mwaka mzima. Alinisihi niufiche ule muungo kwa rangi. Nikakataa, nikasugua mafuta ya kitani kwa kiganja, basi.

Sikukuu ya kina baba tukakusanyika kwa Mama. Soseji, bia, kolache za plamu, vile vimikate vitamu vya Mama, kelele za wajukuu. Niliiweka bunduki mezani nikatoa hotuba yangu, kwamba leo Ludvik Msumeno amesamehewa. Watu wakapiga makofi. Baba Mdogo Emil akaishika, vidole vyake vikautafuta ule muungo, na machozi yakaanza kumtoka. Akasema, "Ray, umemsamehe mtu asiye na kosa. Nilikata mimi."

Dada, akavuta kiti akaketi, bunduki mapajani. Akaeleza kwamba alikuwa na miaka kumi na tisa, na wiki ile anakwenda vita vya pili vya dunia. Alitaka kuwinda mara ya mwisho, na bunduki ilimlemea. Baba alimfuma bandani na akapiga kelele kama mtu aliyeibiwa, kwa sababu yeye ndiye aliyeipenda ile bunduki, na ndiye angeirithi. Akamnyang'anya msumeno. Hapo hapo Babu akatokea mlangoni, msumeno umo mkononi mwa Baba, na Baba akasema, "Ni mimi." Baadaye alimwambia mdogo wake kwamba hawezi kumwacha aende vitani na hasira ya mzee mgongoni.

Babu alifariki kabla vita havijaisha. Emil aliporudi alitaka kusema, Baba akamwambia aache, aliyestahili kusikia hayupo, na utani wenyewe unachekesha. Kisha miaka ikapita na ulimi ukawa mzito. Anasema siku ya mazishi ya Baba alikufuata hadi garini akuambie, akashika kitasa cha mlango, akakuona unavyolia, akarudi.

Mama akasimama. Tulidhani atamchapa. Akamwekea kolache kwenye sahani, akambusu kichwani, akamwambia anamdai kijiti, maana dirisha lake sasa linashikiliwa na chupa ya siki. Tukacheka na kulia kwa pamoja. Jioni tulikwenda uwanjani nyuma ya ghala, Baba Mdogo akapiga risasi moja, akapata kopo, akanirudishia bunduki akisema bado ni nzito mno, na kwamba yule kijana aliyeikata anamwelewa kabisa.

Nimefurahi, Georgene, sijui nikuambieje. Miaka hamsini nimeishi nikidhani ugonjwa huu wa bunduki nimeuokota njiani, kumbe nimeurithi. Njoo Agosti uishike. Wabusu watoto, na goti lipake ile dawa aliyokupa Lorraine hata kama inanuka.

Nilisahau. Jana Baba Mdogo alileta kijiti kipya, amekikata kwa msumeno ule ule na kuchonga kwa kisu: HIKI AMEKATA EMIL. Mama amekiweka maandishi yakitazama meza, na kila mgeni akiuliza anamkalisha na kumhadithia, akianza na mume wake ambaye hakuwahi kukata kitu cha mtu.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Raymond, mtoto wa Ludvik Kubat