Kofia za Wajumbe, Manyoni

Mama Elia,

Naamini mmeamka salama, wewe na watoto. Hapa Manyoni jua linachoma utosi. Lori la kutoka Mkalama lilichelewa, nikaingia Baraza la Jimbo wajumbe wenzangu wamekwisha kukaa, na kiti changu wamekijaza kofia zao. Nikazipakata, nikaketi. Hoja ya daraja letu iliitwa mwisho, watu wakiinuka kwenda kula.

"Mzee wa kaskazini, tupe kofia zetu."

"Tumalize daraja kwanza," nikawajibu.

Kwa jua lile hakuna aliyetaka kutoka kichwa wazi. Wakakaa, wakasikiliza, wakakubali, wakachukua kofia zao. Hakuna aliyeuliza mto wenyewe unaitwaje.

Nimewakumbuka sana. Mvua ikinyesha, Elia asivuke kwenda shule.

Baba Elia