Kutoka Kinshasa Hadi Mudaka, kwa Barabara Isiyokuwepo

Maman wangu,

Jana nilifungua simu tena, nikaandika Kinshasa, nikaandika Bukavu. Ikanijibu bila haya: kwa ndege, saa mbili na kitu, kwa gari, siku kadhaa, na mstari wa buluu kutoka huko uliko hadi hapa. Nilitamani kuitemea mate. Barabara hiyo nani ameipita? Aliyeichora angekwama kwenye tope kabla hajamaliza mkate wake.

Unakumbuka siku uliyoondoka? Tukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege ulisimamisha taksi kijijini kwetu Mudaka, ukashuka na mfuko wa sambaza kavu, dagaa wa ziwa letu, za kumpelekea mwanao Pascal. Dereva akanung'unika, "Maman, ndege haingojake mutu." Hata hukugeuka. Ulipita kwenye migomba hadi kaburi la Papa, ukamwambia, "Muzee, naenda tu kuona mutoto wa Pascal. Niko narudi. Unichungie nafasi yangu." Tulicheka sana, maana Papa hakuwahi kukuchungia hata nafasi kanisani.

Jioni hiyo ulinipigia kutoka Kinshasa, mdomo umejaa ugali na sambaza.

Sasa umefia huko, na tangu vita vifike ndege hazitui tena uwanja wetu wa Kavumu. Kukuzungusha kwa nchi jirani ndani ya jeneza, kila ofisi inataka kibali, na kila kibali kinazaa kingine. Pascal alihangaika mpaka wa hospitali wakachoka naye. Amekuzika kwenye mchanga wa huko, kati ya watu usiowajua. Maman, ninachukizwa. Nachukizwa na vita, nachukizwa na wakubwa wanaovuka bahari kwenda kutuzungumzia mikutanoni, wakati mama yangu hawezi kuvuka nchi yake mwenyewe.

Jumamosi tonton Déo, mdogo wako, aliita ukoo Mudaka. Wakachimba kando ya Papa, wakakata shina la mgomba, wakalifunga ndani ya kitenge chako cha njano, wakalilaza shimoni.

"Ni desturi," tonton akasema. "Mutu mwenye alipotea, tunamuzika hivi, roho itulie."

"Maman hakupotea! Tunajua pahali iko. Iko saa mbili na ndege!"

Shina lilikuwa linachuruzika utomvu, likilowesha kitenge. Nikashuka shimoni, nikalivua kitenge mbele ya wote, nikawarushia mgomba wao nje. Wanasema nimeharibu mazishi. Waseme. Shimo nimelifukia mwenyewe, tupu, nikalizungushia mawe ili mtu asije akapanda maharagwe hapo.

Kitenge nimekifua na kukifua tena, lakini unaujua utomvu wa mgomba. Nimekivaa hivyo hivyo na madoa yake.

Lala huko kwanza, Maman. Lakini usipazoee.

Binti yako mkubwa