Kofia Iliyokosa Kichwa

Mjukuu wangu Salma,

Assalaam aleikum. Hapa Kibokoni sote wazima, mamako anakusalimu, na mimi tangu juzi sikaliki kwa furaha! Ofisi ya wadi imetangaza shughuli za likizo: wakubwa watasafisha ufuo, vijana watacheza mpira Tononoka, na mimi, bibi yako, nitafundisha watoto kushona kofia za vito, zile zilizodariziwa vitundu vitundu. Barazani petu hapa!

Nilipokudokezea kwenye simu uliniuliza, "Bibi, wakiziharibu je?" Nikacheka, maana nilikumbuka kofia yangu ya kwanza.

Nilimshonea babangu, aivae Idi. Nilitaka iwe siri, basi nikapima kichwa changu badala ya chake. Miezi mizima natoboa vitundu na kuvizungushia uzi! Siku ya kuivaa ikamkalia utosini kama kifuniko cha birika. Nililia sana. Nyanya yangu hakunigombeza wala hakuifumua. Alichungulia dirishani, akamwita jirani yetu Mzee Sefu, mtu mdogo wa kila kitu. "Hebu ijaribu hii." Ikamkaa sawasawa! Akaenda nayo kuswali, kifua mbele, na mwaka ule hakuvaa nyingine.

"Kofia haina ila," nyanya akaniambia. "Ilikosa kichwa chake tu."

Watoto kumi na wawili wamejiandikisha. Nimewaambia atakayekosea asiitupe, aniletee mimi. Mtaa huu una vichwa vingi.

Nawe fanya hima uje. Wa kwanza kujaribishwa kofia iliyokosa kichwa ni wewe.

Bibi yako akupendaye