Kwanza Msome Mzee wa Kaunta

Kaloleni, Voi
Jumapili, 14 Juni 1998

Kwa kaka yangu Mbaruk,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itawakuta wewe, wifi Nasiha na watoto mkiwa wazima, na kwamba lile jino limeshang'olewa, si kulitia karafuu kila siku na kuwanunia watu wa nyumbani. Sisi huku twamshukuru Mungu. Mama hajambo, ni magoti tu yanamsumbua tangu zile mvua kubwa, na bado anamgombeza kila apitaye barazani. Khairat wangu anakusalimu, asema mjomba amemsahau.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Danson, yule dereva wa lori la ndizi. Niliisoma, nikamsomea Mama, kisha nikaisoma tena peke yangu. Wasema duka la Taveta limekushinda. Barabara ilipokatika wateja walizoea kwenda kwingine, na ilipotengenezwa hawakurudi, na sasa unataka kuuza rafu na kila kitu uende Mombasa ukaajiriwe kwenye stoo ya watu. Mama alilia kidogo, sitakuficha. Mimi sikulia, mimi nilikasirika, unanijua. Lakini mwishoni ukauliza jambo lililonichekesha: ati nasoma nini siku hizi, mbona duka langu la leso linakwenda na mimi mwenyewe nimekuwa mtu wa kusikiliza wenzangu? Basi nitakujibu. Na mimi pia nina ombi kwako, kubwa, na kwa kuwa baba hayupo hakuna mwingine wa kunipa ila wewe. Nitalitaja nikishamaliza haya. Tafadhali usiruke kurasa ukalitafute.

Kwenye bahasha ya kaki nimekutilia makaratasi. Yale makubwa ni kurasa za biashara za gazeti la Jumapili. Mwandishi wake ni mtu wa Nairobi, anaandika kana kwamba kila mwenye duka ana kompyuta na katibu wa kumletea chai. Hayo yapite. Lakini akizungumzia kupanga bidhaa msikilize, maana ndiye aliyenifanya nizitoe leso nzuri kule ndani nilikokuwa nazificha na vumbi, nikazitundika mlangoni.

Redioni napo, Alhamisi alasiri, kuna mama mmoja huzungumza juu ya mtu na nafsi yake. Huyo siwezi kumtia kwenye bahasha, itakubidi ununue betri. Wiki iliyopita alisema mtu duka lake likianguka hujiona kaanguka yeye, akaanza kujificha hata kwa wanaompenda. Nikakukumbuka wewe, kaka, ulivyokaa miezi yote hiyo bila kutuandikia.

Kile kijitabu chembamba nimepewa na Jemimah, jirani yangu wa sokoni anayeleta kabichi kutoka Mghange. Ni cha kanisani kwao na kinahusu hasira, jinsi ya kunyamaza kwanza kabla hujamjibu mteja. Usikunje uso, hasira zetu na zao ni zile zile. Wifi Nasiha akitaka kukisoma kabla yako mpe, yeye ndiye anayekuvumilia.

Sasa nije kwa ninayempenda kuliko wote. Hizi karatasi zilizopigwa taipu na kuchapwa kwa stensili, wino wake wachafua vidole, hutoka Mwatate kila mwezi. Zinaitwa Sauti ya Muuzaji, na anayeandika ukurasa wa nyuma hujiita Mzee wa Kaunta. Mwaka jana aliandika kwamba mwenye duka wa kisasa hubandika bei kwenye kila kitu ili asipoteze wakati. Mimi na pupa yangu nikakata vikaratasi, nikabandika bei kwenye kila leso. Loo! Kaka, nilikoma. Wewe unajua leso inavyouzwa. Mteja aingia, auliza bei, mimi nataja, yeye ashika kichwa, aulizia homa ya Khairat, mimi naulizia harusi ya mwanawe, ajifanya anaondoka, namwita, twacheka, ndipo biashara inapofanyika. Sasa wakawa wanaingia, wanasoma kikaratasi, wanairudisha leso, kwaheri. Mama Ndulu, mteja wangu wa miaka yote, akaenda kumwambia Jemimah kwamba Saadiya siku hizi anaringa, hataki hata kusemeshwa.

Nilivibandua vikaratasi vyote, nikashika kalamu nikamwandikia huyo Mzee. Nilimwambia kama kweli amewahi kusimama nyuma ya kaunta, basi ilikuwa ya benki. Nikadhani yameisha. Mwezi uliofuata nafungua ukurasa wa nyuma, nakuta ameandika mbele ya wasomaji wote kwamba alikosea, kwamba bibi mmoja wa Voi amemfundisha kuwa kwetu sisi bei ni mwanzo wa mazungumzo, na anawaomba radhi wote aliowapotezea wateja. Wallahi nilikaa chini. Wewe umewahi kumsikia mwanamume akisema amekosea, tena kwa maandishi?

Baada ya Idi kubwa akaingia dukani mtu simjui, anatafuta leso ya mama yake. Alibishana nami bei mpaka Jemimah akaacha kabichi zake akaja kutazama. Alitaja matatizo yote ya dunia, na alitoka mara mbili nikamwita. Mwisho nikamshushia. Naye akanilipa ile bei ya kwanza kabisa, akasema alitaka tu kuhakikisha kwamba amenielewa. Ndipo akajitambulisha kuwa jina lake ni Sufian na ndiye Mzee wa Kaunta. Mimi nilikuwa nikimngoja mtu wa ndevu nyeupe, kumbe hata wewe waweza kuwa umemzidi umri!

Amerudi mara kadhaa tangu siku hiyo, na kila mara twazungumzia barazani mbele ya Mama. Aliniambia alikuwa na maduka mawili Mwatate na yote yalimfia. La kwanza alijaza vitu alivyovipenda yeye, si walivyovihitaji watu wa mashamba ya mkonge. La pili aliliua kwa ubishi, kila aliyemshauri alimwona adui. Sasa anatengeneza baiskeli, na jioni anaandika. Nilimuuliza kama haoni haya kuwafundisha watu biashara. Akajibu kwamba ambaye hajawahi kufunga duka hajui ni siku gani mtu huanza kukosea, yeye anaijua. Ndiyo maana nataka umsome kaka, hasa lile toleo la Februari, anavyoeleza alivyokuwa akikaa kwenye duka tupu akimdanganya marehemu mkewe kwamba mambo ni mazuri. Nilimweleza habari zako bila kukutaja jina. Alisema usiuze kitu kwanza. Siku za soko simama nje, uwaulize wanawake wanaovuka mpaka wanatafuta nini ambacho hawakipati.

Sasa kaka, kama umesimama keti. Sufian amenitaka. Anataka kuwatuma wazee wake kwako, kwa kuwa wewe ndiye walii wangu, nami nimemwambia wangoje kwanza umsome. Nilitaka umjue kwa maneno yake kabla hujasikia kwamba ni fundi baiskeli. Najua utauliza ana nini. Ana kibanda, ana mama mzee anayejifunga leso yangu, na ana ulimi wa kusema nimekosea. Aliyenioa kwanza alikuwa na maduka hadi Malindi, na ulimi huo hakuwa nao. Nilirudi nyumbani na Khairat mgongoni na sanduku moja, na ni wewe uliyekuja kunipokea stesheni bila kuniuliza neno. Sijasahau na sitasahau. Nampenda Sufian, kaka. Naona haya kuiandika, lakini ndivyo ilivyo, na bila wewe ndoa haifungwi.

Mama anajua, na anasema neno lako ndilo litakalokuwa. Msalimie sana wifi Nasiha, wabusu watoto, na majirani wote wanaotuulizia wape salamu zetu. Mungu akufungulie milango ya riziki hapo hapo Taveta.

Jambo la mwisho. Posa ile ya kwanza ilipokuja, barua yako ya kukubali iliandikwa kwa Mama, mimi nikaja kuambiwa nikiwa jikoni, siku imeshapangwa. Safari hii nimeulizwa mimi kwanza na nimesema ndiyo. Ukikubali au ukikataa, jibu lako usimwandikie Mama. Niandikie mimi.

Ni mimi dadako akupendaye,
Saadiya