Baba, Nilifurahi Siku ya Mazishi Yako

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitika, ila siwezi kuanza kuongea na wewe bila hiyo.

Jana nilifungua duka peke yangu pale Kariakoo, nikashika ile mita ya mbao ya kupimia vitambaa. Nikakukumbuka ukiinua hiyohiyo, wateja wakishapungua, kunifundisha kuongoza tarumbeta za kanisani. "Hii haitoi sauti, Neema," ulikuwa unasema. "Wenye sauti ni wao. Kazi yako ni kuvuta pumzi kabla yao, ili wote waanze pamoja." Jirani yetu muuza mabegi alikuwa akichungulia kuona kama leo tumechanganyikiwa kabisa.

Miaka yako ya mwisho mkono wako wa kuongoza ulikuwa mzito. Nyimbo zikapoa, zikaenda polepole, nami nikawa nakasirika kimyakimya nikiwa na tarumbeta yangu mdomoni.

Siku ya mazishi hakukuwa na mtu wa kusimama mbele. Mama akanitazama, nikainuka kutoka benchi la wafiwa. Nikawageukia wapigaji, jeneza lako likabaki nyuma yangu. Nikavuta pumzi. Wakaingia wote pamoja, kwa mwendo niliokuwa nikiusikia kichwani siku zote, na Baba, nilifurahi. Watu walidhani machozi yale yalikuwa ya msiba tu.

Makaburini Mzee Eliya, yule wa besi, akanishika bega. "Binti, leo tumepiga. Baba yako tulikuwa tunamngoja tu. Tungekimbia, angechoka mbele za watu."

Kumbe walijua. Wao walipunguza mwendo kwa kukupenda, na mimi mwanao wa kumzaa nilikuwa nanuna. Tangu siku hiyo nikisifiwa najisikia vibaya, kama mtu aliyekula shibe yake msibani.

Sasa wanataka nichukue nafasi yako. Nimewaambia nitafikiria, na huo ni uongo, maana naitaka. Naitaka sana, na naona haya kuitaka wakati viatu vyako bado viko mlangoni pale nyumbani Magomeni na mama hataki viondolewe.

Jumapili nitasimama. Ubeti wa kwanza tutaupiga kwa mwendo wako, ule wa polepole, hata wakinung'unika. Wa pili, unisamehe Baba, nitaupiga kwa wangu.

Ni mimi binti yako,
wa tarumbeta ya pili